Shajara ya mradi: samaki wanaopanda korongo, Mtera, msimu wa 2024/2025

5 Oktoba 2024: Tunachotaka kufanya

Shajara hii inaandikwa kwa ajili ya yeyote anayeishi karibu na korongo linaloingia kwenye bwawa au mto mkubwa, na ambaye kila mwaka mvua za kwanza zinaponyesha huwaona samaki wakijazana chini ya kalavati wasiweze kupita. Tunataka kuwahesabu samaki wanaopanda korongo letu na kuwajengea mteremko wa mawe utakaowawezesha kupita kwenye kalavati. Sisi ni watu saba: wavuvi wawili wa mwalo mmoja ulioko upande wa Dodoma wa bwawa la Mtera, afisa uvuvi mstaafu ambaye sote tunamwita Mzee, mwalimu wa baiolojia, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Dodoma, fundi mwashi, na mimi ninayeandika. Washirika wetu ni vikundi viwili vya Mto Mara, kimoja upande wa Kenya na kingine karibu na Musoma, pamoja na mhandisi mmoja wa Uholanzi ambaye kazi yake kwao ni kuwafungulia samaki njia, na anayetushauri bila malipo kwa simu ya video kila baada ya wiki mbili.

Mwalimu ndiye aliyetusukuma, baada ya kusoma ripoti ya dunia ya mwaka 2024 kuhusu samaki wa maji baridi wanaohama. Inasema kwamba makundi ya samaki hao yanayofuatiliwa yamepungua kwa wastani wa asilimia 81 kati ya mwaka 1970 na 2020. Bara letu halikupewa wastani wake, kwa kuwa takwimu zilizopo hazitoshi kuukokotoa, na Mzee aliposikia hivyo alisema kwamba asiyeweka hesabu hadaiwi, ila naye hawezi kudai.

Swali ambalo watu hutuuliza kwanza ni kwa nini tushirikiane na watu wa Mara, ilhali Mara inamwaga maji Ziwa Victoria na korongo letu linaishia Ruaha Mkuu na hatimaye Rufiji, mto ambao bonde lake lote liko ndani ya Tanzania. Samaki wao na wetu hawatakutana kamwe. Jibu letu ni kwamba wenzetu wana uzoefu ambao sisi hatuna. Ningu wa Ziwa Victoria, ambaye kitaalamu ni *Labeo victorianus*, hutoka ziwani wakati wa mafuriko na kupanda mito kwenda kutaga, na katika Mto Mara safari hiyo ina mpaka wa nchi mbili njiani. Tangu nyavu za jarife zilipoletwa ziwani mwaka 1905 watu walizitega midomoni mwa mito wakati samaki huyo akipanda na mayai tumboni, na leo yumo katika kundi la samaki walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mwaka 1994 mkataba wa kuanzisha Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, yenye makao yake Jinja. Watu wa Mara wamezoea kuandika takwimu zitakazosomwa na mtu wa nchi nyingine. Sisi tulikuwa tumezoea kuandikiana wenyewe kwa wenyewe, na tofauti hiyo ilitugharimu, kama itakavyoonekana.

26 Oktoba 2024: Fomu, majina na urefu

Tulichukua fomu ambayo vikundi vya Mara huandikia samaki wanaovuliwa, kama ilivyo, tukachapisha nakala 300 mjini kwa shilingi 64,000, kisha tukafanya majaribio ya wiki mbili mwaloni. Kosa la kwanza lilitokea kwenye safu ya jina. Wavuvi wetu huita ningu karibu kila samaki mwenye mdomo ulioelekea chini, na kwa Mara ningu ni yule mmoja tu. Mwenzetu wa Musoma alipofungua karatasi zetu alishtuka kuona tumeandika kwamba samaki aliye hatarini kutoweka amejaa Mtera, mahali ambapo hajawahi kuishi. Wetu ni ndugu zake wa jamii hiyo hiyo ya *Labeo*, lakini si yeye. Tulitaka kwanza kuwalazimisha wavuvi watumie majina ya kitaalamu, na jambo hilo lilidumu siku moja. Sasa mvuvi anaandika jina analolijua, kisha anapiga picha tatu kwa simu: ubavu mzima, mdomo kwa chini, na mkia uliotandazwa. Mwalimu ndiye anayeamua jina jioni. Picha ya mdomo imekuwa na manufaa kuliko zote, maana ndevu za samaki na umbo la mdomo havionekani ubavuni.

Kosa la pili lilikuwa la urefu, na ninakiri kwamba lilitupa kiburi cha wiki nzima. Samaki wetu walionekana wakubwa kuliko wa Mara katika kila karatasi. Tulikuwa tumeanza kueleza sababu, mmoja akisema ni chakula cha bwawa na mwingine akisema ni joto, hadi dada wa upande wa Kenya alipouliza kwa upole tunapimia wapi. Wao hupima kutoka ncha ya mdomo hadi panda ya mkia. Sisi tulikuwa tunapima hadi ncha ya mkia. Kwa samaki mwenye mkia uliogawanyika, hizo ni sentimita kadhaa za bure. Hatukubishana nani abadilike, bali tuliongeza safu ya pili ili vipimo vyote viwili viandikwe. Karatasi 112 za mwanzo tumezihifadhi lakini hazimo kwenye hesabu.

Fundi ametengeneza mbao nne za kupimia kwa shilingi 18,000 kila moja.

16 Novemba 2024: Mteremko wa kwanza wa mawe

Kalavati letu ni bomba la zege la kipenyo cha sentimita 90 chini ya barabara ya vumbi. Kwa miaka mingi maji yanayotoka yamechimba shimo mbele yake, na sasa mdomo wa bomba unaning'inia sentimita 55 juu ya kidimbwi. Samaki anayepanda hufika kidimbwini, huona maji yakianguka, na safari yake huishia hapo. Ndege, watoto na wenye vikapu hulijua shimo hilo vizuri.

Mhandisi alituambia kwamba mteremko wa mawe unaofaa samaki wasioruka unatakiwa upande mita moja katika kila mita 20 za urefu. Kwa sentimita 55, hizo ni mita 11. Tulihesabu tripu za mawe, tukaangalia fedha, tukajenga mita nne. Nilikuwa miongoni mwa waliosema kwamba itatosha. Tripu tatu za mawe kwa shilingi 110,000 kila moja, na vibarua wanane kwa siku mbili kwa shilingi 10,000, jumla 490,000.

Tulikuwa na barua ya serikali ya kijiji peke yake. Barua yetu kwa ofisi inayosimamia barabara hiyo tuliipeleka mwanzoni mwa Oktoba, tukaambiwa turudi, tuliporudi haikuonekana, tukapeleka nyingine. Hatukungoja jibu. Hilo nalo ni kosa letu, hata kama barua ilipotea mikononi mwa wengine.

8 Desemba 2024: Mvua ya kwanza

Juzi Ijumaa mvua kubwa ilianza alasiri upande wa milimani, na ilipofika magharibi korongo lililokuwa mchanga mtupu lilikuja na maji ya rangi ya udongo, povu na matawi makavu vikitangulia mbele. Tulikuwa tumekaa juu ya barabara na tochi. Kwa muda wa saa nzima hatukuona kitu. Kisha mvuvi wetu mkubwa alisema, "Nyamazeni," na tukasikia kidimbwini sauti kama ya mtu anayepiga makofi taratibu akiwa na viganja vilivyolowa. Mwanga ulipomulika, migongo ilikuwa imebanana hivi kwamba maji yalionekana meusi. Walikuwa wakisukumana kuelekea mahali maji yanapoanguka, mmoja akipanda juu ya mwingine, na kila mara mmoja alipofika kwenye anguko alirudishwa ubavu ukimetameta.

Mteremko wetu ulidumu kama dakika 40. Kwanza maji hayakupita juu yake kabisa, kwa sababu mawe yalikuwa yamepangwa bila changarawe katikati, na maji yaliingia chini yake kama yanavyoingia kwenye kichuguu. Samaki waliofika hapo walikuta mawe makavu. Baadaye mkondo ulipokuwa mkubwa ulianza kuyaviringisha mawe ya juu, tukayasikia yakigongana, na asubuhi tuliyakuta yametawanyika hadi mita 30 chini.

Upande wa juu wa korongo, ng'ambo ya barabara, tulikuwa tumetega migono miwili kuhesabu waliofanikiwa kupita. Kwa usiku ule na wa kuamkia leo tumepata kambale 11 na hatukupata hata samaki mmoja wa jamii ya ningu. Nyayo za kambale, kama naweza kuziita nyayo, zilikuwa kwenye majani kando ya barabara: walitoka majini wakajikokota juu ya majani yaliyolowa na kuvuka tuta. Mzee alicheka akasema kambale hajawahi kuomba kibali cha mtu. Kambale ana kiungo cha kupumulia hewa, ndiyo maana anaweza. Wengine hawana.

22 Desemba 2024: Samaki wetu nchini Ethiopia

Tulituma takwimu za mvua ya kwanza tarehe 12, na tarehe 15 mhandisi aliuliza maswali mawili. Kwanza, kwa nini samaki wa Tanzania wameonekana katika milima ya kahawa ya kusini-magharibi mwa Ethiopia? Pili, kwa nini wanapanda saa nane mchana, wakati kila mtu aliyeshiriki alimwambia kwamba wanapanda usiku?

La kwanza lilikuwa jepesi. Mtera iko nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na katika ramani za kompyuta kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Mwanafunzi wetu aliandika 7 bila alama hiyo, na korongo letu likavuka ikweta hadi nyuzi 7 kaskazini, kwenye mstari ule ule wa longitudo. Anayeiga kazi hii na yuko Dodoma, Singida au Iringa, aandike neno "kusini" kwenye fomu na amwachie mtu mmoja tu kazi ya kuweka alama.

La pili lilitupotezea siku tatu, na naliandika kirefu kwa sababu naamini litawapata wengine. Wavuvi waliandika "saa 2", wakimaanisha saa mbili usiku. Mwanafunzi aliijua maana yake, akaigeuza kuwa 20:00 kama mfumo unavyotaka. Hadi hapo hakuna kosa. Faili lilipofika Kenya, mwenzetu anayeunganisha takwimu za vikundi vyote alijua kwamba sisi nasi tunahesabu saa kwa Kiswahili, akadhani hatujageuza, akaondoa saa sita. Ikawa 14:00. Watu wawili wanaojua vizuri jambo moja waliligeuza mara mbili, na matokeo yake yalikuwa mabaya kuliko kama wote wangekuwa hawalijui. Mholanzi, ambaye saa zetu zilikuwa kwake kitendawili, ndiye aliyegundua, kwa sababu alikuwa anatazama picha ya samaki kwenye giza huku jedwali likisema mchana.

Tulikutana kwa simu, watu wa nchi tatu, kwa ajili ya saa. Tulikubaliana hivi: mvuvi anaandika saa kama anavyoisema, na ni lazima atangulize neno usiku, alfajiri, asubuhi, mchana au jioni, anayegeuza ni mtu mmoja tu, yule wa Mtera kwa Mtera na yule wa Mara kwa Mara, na faili lina safu inayosema "imegeuzwa" au "haijageuzwa". Tangu siku hiyo hatujapata samaki wa saa nane mchana. Kilele cha kupanda, kwa usiku ule wa kwanza, kilikuwa kati ya saa mbili na saa nne usiku.

18 Januari 2025: Mteremko wa pili

Mwishoni mwa Desemba afisa wa barabara alifika, si kwa barua yetu bali kwa sababu dereva mmoja alilalamika kuhusu mawe korongoni. Alitukaripia kwa haki. Mawe yaliyorundikwa hadi mdomoni mwa bomba yangeweza kuzuia matawi, bomba likaziba, na maji yakakata barabara. Alipokwisha kukaripia, alishuka mwenyewe kidimbwini na viatu vyake, akapima, akatuambia masharti: tusiguse bomba wala kuta zake, sehemu ya juu kabisa ya mteremko iwe sawa na sakafu ya bomba na isizidi hapo, na tusafishe takataka baada ya kila mvua kubwa. Kibali cha maandishi kilikuja tarehe 9 Januari.

Safari hii tulijenga mita 11 kamili. Mawe makubwa, ambayo kila moja lilihitaji watu wawili au watatu, yalichimbiwa chini kwa nusu ya kimo chake na kupangwa kwa mistari inayokata korongo, mstari mmoja kila baada ya mita moja, kila mstari ukishuka sentimita tano kutoka ule wa juu yake. Katika kila mstari kuna nafasi ya upana wa kiganja na nusu, na nafasi hizo zimepishana, huu kushoto na ule kulia, ili maji yasipate njia iliyonyooka. Katikati ya mistari tulijaza changarawe na mchanga wenye udongo, tukaumwagia maji kwa ndoo hadi ukashuka kwenye matundu yote. Ujazaji huu ndio uliokosekana mara ya kwanza. Fundi alitaka kuweka saruji, na mhandisi alikubali kwa mistari miwili ya mwisho tu, kwa sababu mawe yaliyoachwa na ukwaruzo wake humpa samaki mdogo mahali pa kupumzika, na sakafu laini humteleza.

Tulibishana na mhandisi jambo moja na tukashinda. Michoro yake ya kwanza ilikuwa na vidimbwi virefu vyenye vizingiti vya kurukwa, jinsi wanavyowafanyia samaki wa kwao wenye uwezo wa kuruka. Mvuvi wetu alimwonyesha kwenye video samaki wa jamii ya ningu waking'ang'ania jiwe lenye unyevu kwa mdomo na tumbo. Mhandisi aliitazama mara mbili, kisha akafuta vizingiti.

Gharama: tripu saba za mawe 770,000, tripu mbili za changarawe 180,000, vibarua kumi kwa siku nne 400,000, unga, maharage na maji ya kunywa 95,000. Jumla 1,445,000. Ukijumlisha na zile 490,000 za kwanza utaona kwamba kubana matumizi kulituongezea theluthi nzima ya gharama.

15 Februari 2025: Alama zenye namba

Tuliagiza alama 200 za plastiki zenye namba, za kuchomekwa chini ya pezi la mgongoni. Bei yake ilikuwa shilingi 310,000, usafiri na ushuru 265,000. Anayeagiza aulize ushuru kabla ya kulipia. Tulitangaza mwaloni kwamba atakayeleta alama atapewa shilingi 2,000.

Jumamosi ya tarehe 1 jioni tuliwawekea alama samaki 90 tukawaachia wote kwenye kidimbwi kimoja juu ya barabara. Jumapili asubuhi, kabla hata chai haijachemka, wavulana walikuwa wamepanga foleni kidimbwini na ndoana. Samaki aliyetoka kushikwa, kupimwa na kuchomwa huwa amechoka, anakaa mahali alipoachiwa. Kwa siku mbili alama 36 zilirudi, nazo tulizilipia, maana ahadi ni deni. Kijana mmoja alileta saba zikiwa zimetungwa kwenye uzi kama shanga.

Tumebadilisha mambo matatu. Tunaachia samaki usiku, wachache wachache, katika sehemu nne. Hatulipi fedha kwa alama. Anayesoma namba, akaeleza mahali na siku, anaingia kwenye bahati nasibu ya vocha ya simu ya shilingi 10,000 mwishoni mwa msimu, hata kama amemwachia samaki akiwa hai. Na tangazo sasa limefika upande wa Iringa wa bwawa, ambako mwanzoni hatukufikiria kabisa, kana kwamba samaki wanajua mpaka wa mkoa.

22 Machi 2025: Mkunga, na uzio wa miti

Mhandisi alituuliza tangu mwanzo kuhusu mkunga wa maji baridi, kwa sababu kwao ndiye samaki anayesumbua watu akili. Huyo ndiye angeifanya Mtera kuwa jambo la mataifa. Mikunga wa pwani yetu ya Bahari ya Hindi huzaliwa baharini, hufika midomoni mwa mito wakiwa wadogo na wenye kupenya mwanga kama kioo, hupanda, huishi mtoni miaka mingi, kisha hurudi baharini kuzaa mara moja na kufa. Hakuna nchi inayoweza kumlinda peke yake. Mkunga wa Ulaya aliingizwa mwaka 2014 katika Kiambatisho cha Pili, yaani orodha ya wanaohitaji nchi zishirikiane, cha mkataba wa Bonn wa wanyama wanaohama, ule wa mwaka 1979 ambao Tanzania nayo ni mwanachama, na pendekezo lililetwa na Monaco, nchi ambayo ni ndogo kuliko kijiji chetu pamoja na mashamba yake.

Tuliwahoji wazee 14 wa pande zote mbili za bwawa. Watatu walieleza kuhusu samaki mrefu kama nyoka, mwenye utelezi, waliyemwona ujanani mtoni kabla ya bwawa. Hatuna picha, na kamongo au kambale mwembamba huweza kudanganya kumbukumbu, kwa hiyo tumeandika "simulizi" na si "rekodi". Katika migono yetu yote hakuna hata mmoja. Ukitazama ramani hushangai: anayetoka baharini sasa hukutana na ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere wenye kimo cha mita 131, lililoanza kujazwa Desemba 2022, kisha Kidatu iliyoanza kufua umeme mwaka 1975, ndipo afike Mtera. Na wa upande wa juu ana Ruaha Mkuu ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kwa sehemu ya kiangazi. Mita 11 zetu za mawe hazigusi lolote kati ya hayo. Wenzetu wa Mara wanataka tuwatafute wavuvi wa delta ya Rufiji watakaotega mikunga wachanga mdomoni mwa mto, kwa fomu ile ile. Tumepata simu ya kikundi kimoja cha huko; mazungumzo yameanza.

Jambo ambalo tuliliweza lilikuwa karibu zaidi. Mita 200 chini ya barabara watu walikuwa wakifunga korongo zima kwa uzio wa miti na majani, wakiacha mlango mmoja wenye mgono. Tulikaa nao mara tatu. Hatukuwaambia waache, tungewaambia hivyo tungefukuzwa, na watoto wao wanakula kwa uzio huo. Mama mmoja anayekaanga samaki barabarani ndiye aliyeuliza kwa nini mlango usiwe wazi usiku wa kwanza na wa pili wa kila mvua, wakati samaki wana mayai na bei iko chini kwa wingi wao. Walikubaliana hivyo wenyewe. Kati ya mvua tano zilizofuata, waliheshimu nne. Ya tano ilikuwa siku ya msiba, na samaki walihitajika.

24 Mei 2025: Hesabu ya msimu

Mvua zimekwisha, korongo ni mchanga tena. Mteremko wa pili umebaki. Mawe mawili ya mstari wa tatu yalihama na yamerudishwa. Kwa usiku sita tuliotega migono juu ya barabara baada ya ujenzi tulihesabu samaki 97 wa jamii ya ningu na kambale 41. Usiku miwili kati ya hiyo maji yalipanda hadi bomba lenyewe likazama, na hapo samaki wangepita hata bila mawe, kwa hiyo tumeiondoa. Kwa usiku minne iliyobaki ni 58 na 23. Kabla ya ujenzi, kwa usiku miwili, ilikuwa sifuri na 11. Mhandisi anasema msimu mmoja hauthibitishi kitu, nasi tunakubali.

Alama tano zaidi ziliripotiwa. Moja ilisomwa na mvuvi wa upande wa Iringa, wiki tano baada ya kuachiwa, kilomita kama 19 kutoka korongoni; yule samaki alikuwa amepanda, amemaliza shughuli zake, ameshuka bwawani na kuvuka. Mvuvi huyo ndiye aliyeshinda vocha.

Fedha zote ni shilingi 3,130,000: miteremko miwili 1,935,000, alama 575,000, zawadi 82,000, mbao za kupimia 72,000, fomu 64,000, bando za simu 90,000, nauli za Dodoma na Mtera 312,000. Marafiki wa mhandisi walichanga 1,500,000, zilizobaki ni zetu.

Vikundi vya Mara vimeomba ubao wetu wa kupimia badala ya ubao wao, kwa kuwa una mistari miwili, mmoja wa panda na mmoja wa ncha. Fundi anatengeneza sita. Anayetaka kutengeneza wake: ubao wa mninga au mkongo wa urefu wa sentimita 70 na upana wa 15, kizuizi cha kimo cha sentimita sita kimesimamishwa mwanzo kabisa wa sifuri ili mdomo wa samaki ukiguse, rula ya chuma imezamishwa katikati na kupigiliwa kila baada ya sentimita kumi, na rangi nyeupe ya mafuta mara mbili. Rula ya plastiki isitumike. Yetu ya kwanza ilijipinda juani na kutupa milimita nne ambazo samaki hakuwa nazo.